Propp au Todorov: uchambue filamu kwa nadharia ipi?

Vladimir Propp, mtafiti wa ngano wa Kirusi, alichambua ngano 100 za Kirusi, na mwaka 1928 akachapisha matokeo: matendo 31 yanayosukuma hadithi, wahusika wa aina saba. Kuyakariri yote ni kazi. Lakini mpeleke kwenye Star Wars ya 1977 uone anavyong'ara. Mzee Obi-Wan anafungua kasha, anamkabidhi shujaa Luke upanga wa baba yake. Huyo ndiye mpaji, sawa na bibi kizee wa ngano anayempa shujaa pete ya ajabu. Propp akifika kwenye tamthilia ya televisheni ya Breaking Bad anakwama, maana mhusika mkuu, Walter White, ni shujaa na adui ndani ya mwili mmoja.

Tzvetan Todorov, mhakiki wa fasihi, hushikika upesi, maana kwake hadithi ni hatua tatu: utulivu, vurugu, utulivu mpya. Walter anaambiwa ana saratani ya mapafu, nyumba nzima inayumba, na mtikisiko huo unaufuatilia hadi kipindi cha 62. Ila Todorov hakuonyeshi nani anamsaidia au kumpinga nani, na kwangu utamu mwingi wa hadithi uko hapo.

Una tamthilia ndefu na muda mfupi wa mtihani? Shika Todorov. Una filamu ya safari na mapambano, na jioni nzima ya kuitazama mara mbili? Nenda na Propp.