Skima au mwongozo: kipi kinamfaa wakala wa akili mnemba?

Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotumia modeli ya lugha kufanya kazi kwa kuita zana (programu nyingine), anaweza kuelezwa zana hizo kwa njia mbili: skima ya JSON, yaani maelezo rasmi ya zana na vigezo vyake (taarifa ambazo zana hupewa), au mwongozo wa Markdown, yaani faili ya maandishi ya kawaida. Kwa gharama, maelezo yaliyoandikwa ndani ya skima ya JSON kwa kawaida hubebwa katika kila ombi, hivyo zana zikiwa nyingi hula nafasi ya muktadha (kiasi cha maandishi ambacho modeli inaweza kusoma kwa mara moja) hata zisipotumika, ilhali mwongozo wa Markdown unaweza kusomwa pale tu unapohitajika. Kwa uhakika, skima inashinda, kwani aina ya kila kigezo na sehemu za lazima zinaweza kukaguliwa na programu kabla zana haijaitwa. Hata hivyo, skima haina mahali pazuri pa kueleza ni lini zana isitumike, wala wakala afanye nini kosa fulani likirudi, na hayo, kwa maoni yangu, ndiyo yanayopuuzwa mno. Kuhusu matunzo, mwongozo huachwa nyuma upesi msimbo unapobadilika. Mwenye zana chache zisizotegemeana atatosheka na skima. Mwenye kazi za hatua nyingi atauhitaji mwongozo.