Chumba cha chini: nyumba ya wageni mtaani Mkomani, Lamu, kwa mwandishi aliyekwama katikati ya riwaya

Riwaya inayokwama katikati haiponi kwa dawa ile ile ya riwaya isiyoanza. Aliyekwama katikati tayari ana wahusika wanaomjua naye anawajua, ana mambo aliyokwisha kumwahidi msomaji, na ana mamia ya kurasa ambazo hathubutu kuzitupa wala hawezi kuziendeleza. Kwa macho ya mtu wa hali hiyo ndivyo nilivyoipima nyumba hii, na nimemkusudia yeye katika tathmini hii. Anayekuja Lamu kwa ajili ya kuogelea na kupumzika ana mahitaji mengine, nami sitayagusa.

Nyumba ni ya kale, imejengwa kwa matumbawe na chokaa, ina daka mlangoni, yaani kibaraza chenye viti vya mawe, na kiwanda katikati, ndio ua wa ndani ulio wazi juu. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kama ilivyo desturi ya nyumba za Kiamu, kwa kuwa upana wa chumba hutegemea urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, na kwa kawaida haufiki mita tatu. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na inapendeza kuona mwenye nyumba ameikarabati pasipo kubomoa kuta ili apate madirisha makubwa.

Wageni hupewa chumba cha namna mbili. Kile cha juu kabisa, chini ya paa la makuti, ndicho kinachosifiwa na kila mtu: kina upepo, na mbele yake bahari yote hadi Manda iko wazi. Kwa kazi ya kuandika mimi nakikataa. Karatasi hazitulii mezani, sauti za injini za mashua na za punda wanaoshushiwa mizigo hupanda moja kwa moja, na jicho la mtu ambaye hamu ya kazi imeshampungua hupata kisingizio kila linapoinuka. Nilimwona mgeni mwenzangu, naye mwandishi, akikaa huko juu asubuhi nzima akihesabu majahazi.

Chumba cha chini, kinachofunguka kwenye kiwanda, hakina mandhari yoyote. Mwanga wake ni wa kutosha kusoma na si zaidi, kuta zake nene huzuia joto hata adhuhuri, na ukuta wa ndani umejaa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, ambamo zamani watu waliweka sahani za kaure na misahafu. Mimi niliweka riwaya yangu. Nilikuja na mswada uliochapwa, na kila sura ikapata kidaka chake, kuanzia safu ya chini kwenda juu, hata nikawa naweza kusimama mbele ya ukuta na kuiona hadithi nzima kwa mara moja.

Faida ya mpangilio huo nitaieleza kwa urefu kidogo, maana ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Mhusika wangu mkuu ni nahodha aliyefungwa katika Ngome ya Lamu, ambayo ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821 na ikatumika kama gereza hadi mwaka 1984. Hadithi ilikwenda kwa kasi hadi alipoachiliwa na kupanda jahazi la Mombasa, kisha ikafa. Nikiwa na sura zote mbele yangu, nilizisoma tena kwa kufuata mtu mmoja mmoja badala ya kufuata kurasa. Nikaona kwamba deni, nyumba iliyowekwa rehani na siri ya kifungo, yote yamebaki Lamu, mtaani Langoni, kwa dada yake. Nahodha alikuwa amesafiri mikono mitupu. Sura zilizofuata nimemrudishia dada huyo, na sasa kuna jambo la kusimulia kila asubuhi ninapoketi. Ngome yenyewe iko mwendo mfupi kutoka nyumbani, leo ni makumbusho, na nilipohitaji kujua mlango fulani unafunguka upande gani nilikwenda kuutazama.

Huduma ni ya adabu na ya kimya. Staftahi huletwa kiwandani mapema, mahamri ya moto na mbaazi za nazi, na hakuna anayebisha mlango tena mpaka alasiri. Siku ya kwanza ya kufagia chumba nilikuwa na wasiwasi, lakini mama anayehudumia vyumba aliniambia, "Karatasi zako sijazigusa, mwanangu, ila zile za juu nimezitilia jiwe, upepo usizimwage." Nilimshukuru kwa dhati. Kila rundo la safu ya juu lilikuwa na kokoto yake, na hakuna sura iliyochanganyika na nyingine.

Kasoro zipo na zirekebishwe. Meza ni fupi na mguu wake mmoja umelegea, jambo lisilofaa katika nyumba inayojitangaza kwa waandishi. Taa ya chumba cha chini ni hafifu, na umeme ukikatika usiku mgeni hupewa taa ya sola ambayo haimalizi saa mbili. Malipo ya kukaa muda mrefu hudaiwa yote mwanzoni, nami naona ingekuwa haki kuyagawa. Intaneti haishiki vizuri chini, na hilo siombi lirekebishwe.

Kuhusu majira, napendekeza miezi ya kusi, wageni wanapokuwa wachache. Mfungo Sita, Maulidi yanaposomwa Msikiti wa Riyadha, mji hujaa na ni vizuri kuja kwa ajili ya Maulidi yenyewe. Atakayepiga simu akitaje chumba cha chini waziwazi na aombe meza nyingine mapema, la sivyo atapelekwa juu, kwa kuwa wenyeji wetu wanaamini kila mgeni amekuja kutazama bahari.