Moduli bila JAR: tamu mpaka ifike kwa mteja

Nianze na lililoniudhi kwenye fremuweki hii ya Java, maana sifa zake mtazisikia kwa wengine.

Mteja wangu ni wakala wa forodha pale Moi Avenue, kazi yake kutoa makontena Kilindini. Nimemjengea mfumo juu ya fremuweki inayosoma msimbo wa Java vile ulivyo: unaliacha faili la .java kwenye folda bila kulifunga kuwa JAR (kifurushi cha msimbo uliokwisha kukompailiwa), yenyewe inalikompaili, yaani inaligeuza kuwa kitu mashine inachoweza kuendesha, na kulipakia kama moduli, kipande cha mfumo, na mfumo hausimami. Kwangu Tudor ilikuwa raha tupu. Nikaipeleka ofisini kwake asubuhi, madereva wa malori wamejaa mlangoni wakingojea karatasi, nikawasha. Moduli ya kukokotoa ada za kontena lililochelewa bandarini haipo. Haikukataa, haikulalamika, haipo tu. Kwenye logi kuna NullPointerException, kosa la kugusa kitu kisichokuwapo, na rundo la mistari ya ndani ya fremuweki, hata jina la faili langu halimo.

Mnaoijua Java mmeshang'amua. Seva ile ilikuwa imewekewa JRE pekee. JRE inaendesha programu tu. Kompaila imo kwenye JDK, kifurushi cha watengenezaji. Ukiita ToolProvider.getSystemJavaCompiler(), amri ya kuiomba Java kompaila yake, mahali pasipo nayo, haikupi kosa lolote, inakurudishia null, yaani hakuna kitu, na kunyamaza. Si siri hiyo. Imo kwenye maelezo ya Java tangu toleo la 6, mwaka 2006. Aliyeandika fremuweki alihitaji sharti la mstari mmoja tu: ikija null, mwambie mtu aweke JDK. Hakuweka. Mimi ndiye nimesimama mbele ya mteja natokwa jasho, na jasho la Mombasa lenyewe halihitaji msaidizi.

Sasa njooni kwa bwana wa usaidizi wa fremuweki hiyo. Msaada huo tunaulipia, tena kwa dola. Nikamwandikia kwa adabu, salamu kwanza, nikambandikia logi nzima. Akanijibu kwamba mazingira yangu ni mabovu, nisome maelekezo. Nikayasoma juu hadi chini. Yanasema "Java 11 au zaidi". Basi. Nikamuuliza ni wapi palipoandikwa JDK, akaifunga tiketi na kuipiga muhuri kuwa imetatuliwa. Imetatuliwa na nani, yakhe?

Kwa hiyo msiiguse. Rudini kwenye OSGi ya kawaida, ule utaratibu wa moduli za Java, kwa Felix au Equinox zinazouendesha, mfunge JAR zenu na manifesti zake, yale mafaili ya maelezo yenye jina la moduli na pakiti inazozihitaji, Bundle-SymbolicName, Import-Package, yote. Inachosha wallahi, lakini ikikosekana pakiti moja unatajiwa kwa jina.

Ila nisiwe dhalimu. Nilipoweka JDK kamili, ile moduli ilipanda yenyewe bila kuguswa. Na siku si nyingi baadaye mteja akanipigia kwamba siku za bure za mzigo fulani, zile za kabla ada ya bandari haijaanza, zimehesabiwa vibaya. Nilikuwa juu ya feri ya Likoni. Nikaingia kwenye seva kwa simu, nikarekebisha mstari mmoja, nikahifadhi, na kabla hatujashuka upande wa pili karani ameshatoa hesabu mpya. Kwa mtindo wa JAR ningekuwa bado natafuta laptopu. Hata Java yenyewe imeelekea huko: toleo la 11 la mwaka 2018 linaendesha faili moja la msimbo moja kwa moja, na la 22 la mwaka 2024 likaruhusu mafaili kadhaa. Wazo ni zuri mno. Ndiyo maana nakasirika hivi; kitu kibovu ningekitupa na kulala.

Basi naigeuza kauli yangu: itumieni, lakini kwenye seva mnayoishika wenyewe. Kwa mteja ambaye seva yake inasimamiwa na mtu mwingine, bado nasema hapana. Au angalau andikeni javac -version, amri ya kuuliza kama kompaila ipo, kwenye mashine yake kabla ya kuweka kitu kingine chochote, na msiposikia jibu, ondokeni. Na pesa za usaidizi zihifadhini. Muda wangu wa usaidizi niliokwisha kuulipia ukiisha silipi tena, labda wanipe mtu mwingine wa kujibu.