Wikendi ya kukaa tu Upanga: fleti badala ya hoteli

Ukija Dar kwa shughuli utaijua Posta, utaijua Kariakoo na foleni ya Ubungo, basi. Mimi naishi Dodoma na miaka yote nimekuwa nikija hivyo: mchana maofisini kwa watu, usiku gesti, alfajiri stendi. Safari hii ya mwezi wa saba nilikuja na wifi yangu bila kazi yoyote. Tulichukua fleti Upanga kupitia mtandao, vyumba viwili, sebule na jiko, shilingi 110,000 kwa usiku, tukagawana. Vyumba viwili vya hoteli ya kueleweka maeneo yale vingetukamua zaidi ya hapo, ila sikufuata bei. Nilitaka niamke nisikie watu wa mtaa wanavyoanza siku yao.

Upanga nimeipenda kwa sababu iko mjini lakini watu wanaishi. Magorofa ya zamani ya watu wa kipato cha kati, miti mikubwa ya kivuli, nguo zimeanikwa barazani, duka la chini ambalo mwenye duka anajua nani anadaiwa nini. SGR inakushusha mjini hapohapo, kwa hiyo kutoka stesheni hadi getini ni mwendo mfupi tu wa gari. Treni yenyewe tulilipa 31,000 kila mmoja, daraja la kawaida. Jioni ya kwanza hatukwenda mbali: mishkaki, bajia na bakuli la urojo kona ya mtaa, viti vya plastiki, magari yanapita taratibu. Wifi ana asili ya Unguja, akasema ukwaju umezidi. Akamaliza bakuli lote hata hivyo.

Sasa nyumba. Ni safi, shuka zinanukia, madirisha yana nyavu za mbu, AC chumba kimoja na feni kingine. Kwa Julai feni inatosha. Desemba hadi Machi usikubali chumba cha feni hata kwa punguzo. Presha ya maji bafuni ni ya kusuasua, lakini kuna ndoo na kopo, tukaoga kama kwetu. Kilichonikera ni umeme. Tangazo lilisema umo kwenye bei, lakini saa tano usiku mita ikaanza kulia na baadaye kidogo tukawa gizani. Simu ya mwenyeji inaita tu. Nikanunua LUKU ya elfu tano kwenye simu, nikaanza kubonyeza zile tarakimu 20, wifi ameshika tochi ananisomea nne nne kama mwalimu wa imla. Asubuhi mwenyeji alipiga mwenyewe: "Samahani sana dada, mgeni aliyetoka alikuwa analala na AC mbili." Hela akarudisha muda uleule, kwa hiyo sina kinyongo.

Faida ya fleti ni jiko, na hapo ndipo wikendi yetu ilipokaa. Jumamosi alfajiri tulikwenda soko la samaki Feri. Nenda mapema, kabla jua halijawa kali, wakati mnada bado umechangamka na ndoo zinapita vichwani mwa watu na wewe unakwepa. Tulitaka changu. Muuzaji akafungua na elfu ishirini kwa fungu, wifi akamwambia, "Kaka yangu, mimi naondoka na sufuria, si na kamera." Yakaisha kwa elfu kumi na mbili. Anayepaa samaki ni mtu mwingine na analipwa pembeni, kwa hiyo mpatane kabla hujamkabidhi.

Tukarudi na samaki, nazi, nyanya na ndimu. Kufungua makabati: mashine ya kahawa ipo, glasi za mvinyo sita, kifaa cha kufungulia chupa. Mbuzi ya kukunia nazi hakuna. Mwiko hakuna. Aliyelipanga lile jiko hakuwaza kabisa kwamba mgeni anaweza kutoka Dodoma. Nikagonga mlango wa jirani, mama mtu mzima, Mhindi aliyezaliwa hapohapo Upanga, Kiswahili chake cha Dar kinanishinda mimi. "Mwanangu, ungekuna na uma?" Akatupa mbuzi, mwiko, na kichupa cha achari ya embe ambacho hatukukiomba. Jioni vyombo vilirudi na bakuli la mchuzi juu, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu, tukakalishwa kwa chai mpaka saa tatu. Katikati ya hayo tulipita Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaban Robert. Kuna habari za Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, na magari waliyotumia viongozi wetu. Wifi alikwama kwenye magari.

Jumapili asubuhi mjini kumetulia kiasi kwamba unavuka barabara bila kukimbia. Tulitembea kwa miguu hadi Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, zaidi ya kilomita moja juu ya maji, lina njia ya waenda kwa miguu. Wakimbiaji wamejaa, upepo unakupiga usoni. Upande wa pili ukiendelea kidogo unaikuta Coco Beach, tukala mihogo ya kukaanga na pilipili. Anayetaka kuogelea kila siku na kulala kando ya mchanga, Upanga haimfai, avuke na pantoni atafute nyumba Kigamboni. Na kama usingizi wako ni mwepesi, jua kwamba adhana ya alfajiri inasikika vizuri sana.

Tangazo lilitaka tutoke saa nne asubuhi, na treni yetu ilikuwa ya jioni. Tuliomba, tukaongezewa hadi saa nane kwa kuwa hakukuwa na mgeni anayeingia, mabegi tukamwachia mlinzi. Hilo liulize kabla hujalipa, pamoja na uniti zilizobaki kwenye mita na fleti iko ghorofa ya ngapi. Yetu ilikuwa ya nne, na lifti jengo lile halijawahi kuwa nayo.