Gereji ya Ilala iliyoanza na mita badala ya spana

Corolla yangu ya mwaka 1994, AE100 yenye injini ya 5A-FE, ilianza kuzimika kila nilipoachia mafuta kukaribia taa za barabarani, na ikiwashwa tena sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) hubaki juu bila sababu. Fundi wa kwanza aliamua kwa kusikiliza tu kwamba sensa ya throtoli, inayoiambia kompyuta ya injini mlango wa hewa umefunguka kiasi gani, imekufa. Nilinunua ya mtumba, akaifunga kwa dakika kumi, na gari likaendelea kuzimika vilevile.

Gereji ya pili, iliyoko Ilala, ndiyo ninayoiandikia tathmini hii. Fundi umeme aliunganisha temino za TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kiboksi cha kupimia hitilafu kilicho chini ya boneti, akaniita nitazame taa ya cheki injini. Ilimeta mfululizo bila kutoa namba yoyote ya hitilafu. Alieleza kwamba namba 41, ambayo ndiyo ya sensa hiyo, hujitokeza waya ukikatika au ukigusana, lakini sensa nzima iliyofungwa vibaya haitoi namba, na ndiyo maana watu wengi hubadilisha spea zilizo nzima.

Kisha alipima. Umeme unaoingia kwenye sensa ulikuwa volti 5 kama inavyotakiwa, ila waya wa VTA, unaopeleka taarifa ya sensa kwa kompyuta, throtoli ikiwa imefungwa kabisa, ulisoma 1.1, wakati unapaswa kuwa kati ya 0.3 na 0.8. Swichi ya IDL iliyo ndani ya sensa, inayopaswa kujifunga throtoli ikifungwa, nayo ilikuwa haijifungi, kwa hiyo kompyuta ilikuwa haijui kwamba mguu umeshaondoka kwenye pedeli. Matundu ya skrubu za sensa hii ni marefu kidogo ili iweze kuzungushwa, na fundi wa kwanza alizikaza popote zilipoangukia. Huyu alizilegeza, akapachika bamba jembamba la filageji (kipimo cha nafasi ndogo) pale mkono wa throtoli unapogota ukifungwa, akaizungusha sensa taratibu hadi IDL ikajifunga, akaweka bamba nene zaidi kuhakikisha inajifungua, ndipo akakaza. Mita ikasoma 0.5 na kupanda bila kurukaruka nilipokanyaga mafuta.

Nililipa shilingi 40,000, pungufu ya nilichotoa kwa ile spea ya mtumba, na wiki sita sasa halijazimika hata mara moja.

Kasoro zipo. Nilisubiri saa tatu juani kwa sababu hawapokei miadi, na risiti niliyopewa iliandikwa "matengenezo" tu, ingawa nilimwomba aniandikie vipimo vile ili fundi mwingine asianze upya. Hatimaye nilivinakili mwenyewe nyuma ya risiti. Kwa matatizo ya umeme wa injini nitarudi kwake, lakini nitafika kabla ya saa mbili asubuhi.