Namba za yuza kwenye seva nyingi: LDAP au Ansible?

Jamani hili la namba za yuza (UID, namba ambayo mfumo unaipa kila akaunti) msilichukulie poa. Ofisini kwetu Chumbageni, hapa Tanga, tuna mashine sita za Debian (aina ya Linux) zinazotumia stoo moja ya mafaili kwa NFS (njia ya kushea mafaili kwenye netiweki), sasa siku moja napiga ls -ln (inaorodhesha mafaili na namba za wenyewe) nakuta mafaili ya postgres, yuza wa databesi, yana namba 114, naenda mashine ya pili 114 ni ya yuza mwingine kabisa, kwasababu Linux inaangalia namba sio jina, na paketi (programu unayoinstoli) ikiingia inamchukulia yuza wake tu namba iliyo wazi kuanzia 100 mpaka 999, ukibadili mpangilio wa kuinstoli basi zinapishana.

LDAP (orodha moja ya akaunti inayokaa kwenye seva) ukiiunganisha na SSSD (programu inayoisoma orodha hiyo kwenye kila mashine) ni safi kwa watu, mtu akiacha kazi unamfunga sehemu moja imeisha. Ila kwa yuza wa huduma (akaunti za programu kama postgres, sio za watu) mi siikubali, mashine ikiwaka netiweki haijakaa sawa postgres anakosekana.

Ansible (zana ya kupanga mashine nyingi kwa maelekezo uliyoandika mara moja) ndo naipenda hapo: unaandika grupu na yuza na namba zao, unavitengeneza KABLA ya paketi, paketi ikija inakuta jina lipo inalitumia. Kazi iko kwenye mashine za zamani, unazima huduma kwanza, unapiga usermod -u (inabadili namba ya yuza), halafu kumbuka inarekebisha mafaili ya hom tu, mengine uyatafute kwa namba ya zamani na find -uid 114 uyachown (uyabadili mmiliki) mwenyewe, na grupu nayo usiisahau.