Kutoka Hilux Vigo kwenda Revo: vifaa vinavyohama na vinavyobaki

Kama gari, Toyota Hilux Revo inastahili kuchukua nafasi ya Vigo, pikapu ya Hilux iliyoitangulia. Injini yake ya 2.8, 1GD-FTV, iliyoingia mwaka 2015, inavuta vizuri kuliko 3.0 ya zamani, na baada ya maboresho ya 2020 ile ya gia otomatiki ilifika nguvu ya kuvuta (toki) ya Nm 500. Tatizo ni kudhani kwamba jina likiwa lile lile, basi bampa, kanopi (kifuniko kigumu cha sehemu ya mizigo), winchi (mashine ya kuvutia gari lililokwama) na taa vyote vitahamia gari jipya. Baadhi vitahama. Vingine vina thamani vikiwa bado juu ya Vigo, kwa hiyo amua kabla hujaiuza.

Chochote kilichochongwa kufuata umbo la bodi kiuze pamoja na gari. Snokeli, bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu, imekatwa kwa mkunjo wa madigadi ya Vigo na hailali sawa kwenye Revo. Kanopi nayo usiihangaikie: kingo za sehemu ya mizigo na mgongo wa kabini vimebadilika, na uwazi mdogo tu chini ya raba unatosha kujaza vumbi ndani.

Bampa la chuma ndilo linalowaponza wengi, kwa sababu fundi mwenye mashine ya kuchomelea atakwambia linawezekana. Mkatalie. Vishikizo vya bampa vimepimwa kwa chasisi moja, na vya kubuni hubadilisha namna gari linavyopokea mgongano, hivyo mifuko ya hewa inaweza kuchelewa au kufunguka pasipostahili. Kama Revo yako ina rada ya usalama mbele, bampa lililoiziba litaleta taa za onyo kwenye dashibodi. Hata ndani ya Revo zenyewe, uso wa 2020 si ule wa 2015, kwa hiyo bampa linunuliwe kwa mwaka wa gari.

Winchi iliyokuwa ndani ya bampa hilo ni habari nyingine, na ndiyo kifaa ambacho hakifai kuuzwa. Winchi nyingi za ukubwa huu zina matundu manne ya kufungia yenye umbali wa milimita 254 kwa 114.3, na mabampa mengi ya winchi yametobolewa hivyo hivyo. Kabla ya kuifunga, vuta kamba yote hadi mwisho na uikague: ya sintetiki ikiwa imepauka na nyuzi zimekuwa ngumu, jua limeshaila. Ukitoka kamba ya chuma kwenda sintetiki, badilisha pia mdomo wa kupitishia kamba mbele ya winchi, maana roli zilizokwaruzwa na waya zitaikata kamba mpya. Nyaya za betri zipime upya. Winchi ikilemewa huweza kuvuta zaidi ya ampea 400, na waya uliounganishwa katikati ili ufike betri hupata moto pale pale kwenye kiungo. Nunua waya mzima.

Rimu zinahama vizuri kuliko watu wanavyotarajia. Vigo na Revo zinazoendeshwa kwa magurudumu manne (4x4) zote zina stadi (bolti za gurudumu) sita kwenye duara la milimita 139.7, tundu la katikati la milimita 106.1 na nati za M12 x 1.5. Baadhi ya zile zinazoendeshwa kwa magurudumu mawili zina stadi tano, hizo hazihusiki. Funga rimu moja ya mbele bila tairi, izungushe kwa mkono, uhakikishe haigusi kalipa ya breki. Kisha angalia nati. Rimu nyingi za aloi za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, ilhali za chuma na nyingi za madukani hutaka nati za koni. Ukizichanganya, nati itaonekana imekaza lakini inashika eneo dogo tu, na baada ya safari italegea. Kaza tena baada ya kilomita 100 hivi. Tairi zisome tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Springi za nyuma na shokapu za Vigo ziache. Springi za Revo ni ndefu zaidi na zimefungwa nje zaidi kuliko za Vigo.

Umeme unahitaji subira. Taa za ziada zenyewe zinahama, lakini usihamishe na nyaya zake. Kwenye Toyota nyingi za zamani taa ya fuli (mwanga wa mbali) huwashwa kwa kukamilisha upande wa hasi, na kwenye gari jipya lenye taa za LED huenda mpangilio ni tofauti. Chukua mita, pima waya wa fuli ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, ndipo uamue miguu ya 85 na 86 ya rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), yaani ile ya kuiamsha, inaunganishwa wapi. Mguu wa 30, unaopokea umeme wa betri, upate fyuzi karibu kabisa na betri. Vibanio vya kuchoma waya pembeni usivitumie. Maji huingia, kutu hupanda, na kosa utalitafuta sana.

Betri ya pili nayo: rilei ya kawaida huunganisha betri mbili karibu na volti 13.3 na kuziachanisha karibu na 12.8. Altaneta za gari nyingi za sasa hushusha volti makusudi ili kupunguza matumizi ya mafuta, kwa hiyo rilei hiyo inajikata ukiwa barabarani na betri ya friji haijai. Pima injini ikiwa na moto, baada ya mwendo. Ukiona volti zinashuka chini ya 13, weka chaja ya DC-DC (inayopandisha volti ili betri ya pili ijae) yenye waya wa swichi ya gari.

Vifuniko vya viti vya Vigo visihamishwe kabisa kama viti vya Revo yako vina mifuko ya hewa ubavuni. Tafuta kibandiko cha SRS, alama ya mifuko ya hewa, kwenye mshono wa mgongo wa kiti. Kikiwepo, kifuniko lazima kiwe na mshono wa kupasuka upande huo.